"Baffle" na ndugu zake: mwongozo kamili kwa Mswahili anayeandika Kiingereza Uganda

Kiswahili kimetupa "changanya", na "changanya" haichagui kazi. Unachanganya unga na maji, unachanganya majina ya mapacha, mwanasiasa anachanganya wapiga kura, mapenzi yanamchanganya kijana wa watu hadi anasahau kula. Kiluganda nacho hakitusaidii hapa, maana "okutabula" inabeba mzigo uleule: vitu hutabulwa na mtu pia hutabulwa. Ndiyo maana wengi wetu tukiandika Kiingereza hushika "confuse" na kuipachika kila mahali: kwenye insha ya mtoto wa S.3 (mwaka wa tatu wa sekondari), kwenye ripoti ya askari, kwenye barua ya kuomba kazi. Mara nyingi si kosa la sarufi. Ila msomaji anabaki hajui kama ulichanganya vitu viwili, ulishindwa kuelewa, ulizidiwa na kelele, au ulitapeliwa.

Kiingereza kimeyagawa hayo yote kwa vitenzi tofauti. Nitaanza na "baffle", kwa sababu magazeti yanakipenda na wanafunzi wanakikosea, halafu nitapita kwa ndugu zake. Kama unajiandaa na mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, au umetoka Kongo na unajifunza Kiingereza ukubwani kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale ama Kyaka II, au ni karani tu uliyechoka kuona "confused" mara nne kwenye ukurasa mmoja, fuata hatua kwa mpangilio. Ya pili usiiruke.

Hatua ya kwanza: shika maana yenyewe

Kamusi nyingi zitakuambia "baffle" ni kutatanisha au kushangaza. Si uongo, lakini haitoshi. Ndani ya "baffle" kuna mambo mawili kwa pamoja: mtu amejaribu kuelewa, na maelezo hayapatikani. Akili imefanya kazi yake yote ikarudi mikono mitupu. Tafsiri ninayoipenda mimi ni "kupiga chenga": jambo hili limenipiga chenga. Kwa Kiluganda ungesema "kinsobedde", na hapo angalau Kiluganda kinakaribia kuliko kwenye "okutabula".

Mfano mzuri uko hapa hapa Uganda. Kaskazini, katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, kuna ugonjwa wa watoto unaoitwa kwa Kiingereza "nodding syndrome". Mtoto aliyekuwa mzima anaanza kuangusha kichwa mbele, mara kwa mara, mara nyingi wakati amewekewa chakula. Baadaye huja kifafa, ukuaji unadumaa, masomo yanamshinda. Ugonjwa wa namna hiyo uliwahi kuelezwa Mahenge, Tanzania, katika miaka ya 1960. Watafiti wameona unafuatana na usubi, ule ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na nzi weusi wa mito yenye maji ya kasi, lakini namna hasa mnyoo huyo anavyohusika na kichwa cha mtoto imebaki swali la mabishano kwa miaka mingi. Sasa andika: "The disease has baffled doctors for decades." Sentensi imekaa sawasawa. Madaktari wamejaribu, wana maabara, wana elimu, na bado umewapiga chenga.

Badilisha uweke "confused" uone linavyolegea. "The disease has confused doctors" inaacha picha ya madaktari wanaoufananisha na ugonjwa mwingine, au wasiojua waanzie wapi. Si matusi, lakini si hicho ulichotaka kusema. Na ndiyo sababu kwenye vichwa vya habari "baffled" huambatana sana na polisi, madaktari, wataalamu na wachunguzi. Ni watu tunaotarajia wajue. Kadiri anayeshindwa anavyokuwa mjuzi, ndivyo "baffle" inavyopata nguvu.

Siku hizi "baffle" haihitaji mtu mwenye nia. Fumbo, tabia, ugonjwa, swali la hesabu, uamuzi wa refa: vyote vinaweza. Zamani haikuwa hivyo. Katika karne ya 16, neno hili lilihusu kumwaibisha mtu hadharani. Maandishi ya mwaka 1548 yanaeleza kwamba Waskoti walimfanyia hivyo mtu aliyevunja kiapo: walichora picha yake miguu juu, kichwa chini, wakaiandika jina. Maana hiyo imekufa. Nimeitaja tu kwa sababu ukisoma Kiingereza cha enzi ya Shakespeare utakutana nayo, na utadhani mwandishi kakosea.

Hatua ya pili: nani anachanganya, nani amechanganyikiwa

Hapa ndipo watu huanguka. Kwenye darasa la jioni, Nsambya, mama mmoja muuza vitenge kutoka Bunia alikuwa anajaza fomu ya shule ya mwanawe. Akainua kalamu.

"Mwalimu, I am baffling."

"Mama, wewe ndiye unayetutatanisha sisi?"

"Hapana mwalimu, ni hii karatasi. Kwetu kuna nom, postnom na prénom. Hapa wameandika surname, wameandika given name, tena wameandika other names. Lipi liingie wapi?"

"Basi karatasi is baffling. Wewe je?"

Akafikiri. "I am baffled."

Swali lake kuhusu fomu lilikuwa na akili kuliko fomu yenyewe, lakini tuendelee na sarufi. Kiswahili kinakupa ufunguo bila malipo, kwenye mikia ya vitenzi. Pale unaposema "-sha" au "-za" (inatatanisha, inaduwaza, inashangaza), Kiingereza kinataka "-ing": "The form is baffling." Pale unaposema "-iwa", "-wa" au "-ika" (nimechanganyikiwa, nimeduwazwa, nimetatizika), kinataka "-ed": "I am baffled." Kabla hujaandika, sema sentensi kwa Kiswahili kimoyomoyo, sikiliza mkia, kisha chagua. Kanuni hii inafanya kazi kwa "confusing" na "confused", "puzzling" na "puzzled", "bewildering" na "bewildered", hata kwa "boring" na "bored" ambayo huwaponza wanafunzi kila muhula. Yule anayesema "I am boring" anajitangaza kwamba yeye ni mtu wa kuchosha.

Kuna mtego wa pili papo hapo, nao ni "-me-". Tunasema "nimechanganyikiwa" tukimaanisha hali ya sasa hivi. Mwanafunzi anaona "-me-", anakumbuka alifundishwa kwamba "-me-" ni "have", anaandika "I have confused." Kwa Kiingereza hiyo inamaanisha nimevichanganya vitu fulani, na msomaji anangoja uvitaje. Hali ya sasa ni "I am": "I am confused", "I am baffled". Tumia "has baffled" pale tu ambapo jambo ndilo linalotenda na limeendelea mpaka leo, kama ule ugonjwa wa Kitgum.

Hatua ya tatu: ijenge sentensi

"Baffle" haipendi kuachwa peke yake. Kwa Kiswahili "Swali hili linatatanisha" imekamilika. Kwa Kiingereza "This question baffles" inaning'inia, msomaji anauliza linamtatanisha nani. Ama umpe mtu, "This question baffles everyone", ama ugeuze, "This question is baffling."

Baada ya "baffled" weka "by". Sisi husema "nimechanganyikiwa na maelekezo", na kwa kuwa "na" tumeizoea kama "with", kalamu inaandika "baffled with". Sahihi ni "I am baffled by these directions." Kwa "confuse" kosa hilo ni baya zaidi, maana "with" ina kazi yake maalumu: "People confuse me with my brother" ni kwamba watu wakiniona wanadhani ni kaka yangu. Ukiandika "I am confused with the new tax" umesema watu wanakudhania wewe ni kodi mpya.

Umbo ambalo lingekupa alama nzuri kwenye insha, na ambalo wachache hulitumia, ni hili la kuanzia na "what": "What baffles me is how the goats got out when the gate was locked." Kwa Kiswahili: kinachonipiga chenga ni jinsi mbuzi walivyotoka ilhali geti lilikuwa limefungwa. Lina mwendo wa mtu anayezungumza. Lingine ni "It baffles me that", na baada yake sentensi kamili: "It baffles me that nobody heard the thieves." Kwenye ripoti rasmi unaweza kuandika "Officers are baffled as to why", ila usiizoee, inachosha haraka.

Kuhusu "sana": "very confused" ni Kiingereza cha kila siku, lakini "very baffled" inakwaruza sikio, kwa sababu "baffled" tayari iko mwisho wa kamba. Sema "completely baffled", "totally baffled" au "utterly baffled". Ya mwisho ni ya kalamu zaidi kuliko mdomo.

Hatua ya nne: wajue ndugu, usiwalazimishe kuishi chumba kimoja

Confuse. Asili yake ni Kilatini, kumimina pamoja, kwa hiyo ni "changanya" yetu kabisa. Itumie pale mambo mawili au zaidi yameingiliana kichwani: majina, tarehe, njia, noti. Yule mama wa vitenge, kwa haki, alikuwa "confused": majina matatu, visanduku vitatu, na havilingani. Angeyapanga vizuri dakika moja na shida ingeisha. Kitu kinachokuwa "baffling" hakiishi kwa kupanga.

Puzzle. Hapa mtu bado anakuna kichwa na hajakata tamaa. "Her letter puzzled me" ina maana barua yake ilinifikirisha, na labda nikiisoma tena nitapata. Kitenzi hiki kina mwendelezo mzuri: "puzzle over" ni kukaa na jambo ukiligeuzageuza, "puzzle out" ni kulifumbua. "Baffle" haina "out" kwa sababu haina mlango wa kutokea. Kama unasita kati ya "puzzled" na "baffled", jiulize mtu huyo bado anatafuta jibu kwa matumaini au ameinua mikono.

Perplex. Nacho ni cha Kilatini, kutoka neno la vitu vilivyosokotana. Mswahili anacheka kidogo hapa, kwa sababu "tatiza" na "tatanisha" zetu zimetoka mahali palepale, kwenye "tata", uzi uliojifunga. Ni neno la heshima, lenye wasiwasi kidogo ndani yake, linalokaa vizuri kwenye barua kwa mkurugenzi au kwenye hukumu ya mahakama. Sokoni Owino halina kazi.

Bewilder. Hili nalipenda kuliko yote, na wengi hulitumia ovyo kama kisawe cha "baffle". "Wilder" ya ndani ni kupoteza njia, kama mtu aliyejikuta porini asijue pa kuelekea. Si kwamba jambo moja gumu limekushinda. Ni mambo mengi yamekuvamia kwa wakati mmoja. Mlete mtu kutoka kijijini, mshushe Old Taxi Park, stendi ya mabasi madogo tunayoyaita teksi, jijini Kampala saa kumi na mbili jioni. Teksi nyeupe zenye mistari ya bluu zimebanana hadi kioo cha hii kinagusa kioo cha ile, kondakta mmoja anaita Ntinda, mwingine Kawempe, wa tatu amekwisha kumshika begi, muuza soksi anampungia soksi usoni, na mvua inaanza. Mtu huyo ni "bewildered". Ameduwaa. Hakuna fumbo lolote la kufumbua pale. Kila gari lina njia yake na kila kondakta anaijua. Ukisema alikuwa "baffled by the taxi park" utaeleweka, lakini utakuwa umemfanya mpelelezi badala ya mgeni.

Kwa hiyo jiji, umati, fomu yenye kurasa nyingi, hospitali kubwa yenye korido zisizoisha, uchaguzi wa simu mia dukani: "bewildering". Bao ambalo kipa mwenyewe hajui lilipitia wapi: "baffling".

Flummox. Ni la mazungumzo, linachekesha kidogo, zaidi la Waingereza. Mtu ameulizwa swali na mdomo umebaki wazi. "The little girl's question flummoxed the minister." Usiliweke kwenye barua ya kazi.

Bamboozle. Hili lina mkono wa mtu ndani yake. Mwaka 1710 Jonathan Swift alilalamika kwamba ni mojawapo ya maneno mapya yanayoharibu Kiingereza. Neno limebaki. Maana yake ni kughilibu, kumchanganya mtu makusudi ili umle. Tapeli wa simu anayepiga akisema "mzee, nimetuma pesa kwako kimakosa, hebu nirudishie", kisha anakusukumia meseji bandia na maneno ya haraka haraka hadi unabonyeza namba ya siri, huyo amekuingiza mkenge, na Kiingereza chake ni "bamboozle". Umbo lake ni "bamboozle someone into doing something": "He bamboozled the old man into sending him the money." Hapo usitumie "baffle", maana "baffle" haimshtaki mtu, na wewe unataka kushtaki.

Hatua ya tano: mdomo na kalamu

Ulimi wa Kibantu unapenda neno liishe na irabu, kwa hiyo "baffle" hutoka "bafulu" au "bafo". Tamka "baf", kisha acha ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu kwa "l", basi, usifuatishe irabu. "Baffled" ni silabi mbili tu. "-Ed" inasikika kama "d" peke yake, si "bafuledi". Kwenye "confused" hiyo "s" ni "z". Kwenye "perplexed" ile "-ed" inageuka "t".

Mkazo: "baffle" na "puzzle" mwanzoni, "confuse" na "perplex" kwenye silabi ya mwisho, "bamboozle" katikati. "Bewilder" nayo ni katikati, na mtego wake ni kwamba "wild" peke yake inatamkwa "waild", lakini ndani ya "bewilder" inarudi kuwa "wil". Walimu wengi wazuri wanalitamka vibaya hili kwa sababu walilisoma kabla ya kulisikia.

Tahajia haina shida kubwa. "F" mbili, na "e" inadondoka ukiongeza "-ing": baffling. Nomino ni "bafflement".

"Baffle" isiyo ya watu

Ukikutana na "baffles" kwenye kitabu cha ufundi, usishangae. Kwenye matangi ya malori ya mafuta, kama yale yanayoingia kwa mpaka wa Malaba kutoka Kenya kuja Kampala, ndani kuna bamba za chuma zenye matundu. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasisukumane mbele na nyuma dereva anapofunga breki, maana wimbi hilo linaweza kulisukuma lori au kulipindua. Bamba hizo zinaitwa "baffles". Zimo pia ndani ya ekzosi kupunguza kelele, na kwenye baadhi ya majiko ya kuni. Na baharini au ziwani, "baffling winds" ni upepo dhaifu unaogeuka kila mara hadi mashua ya tanga haisongi. Maana ya kuzuia na kukwamisha ndiyo inayounganisha hayo yote na mtu aliyekwama kimawazo.

Jipime

Funga maelezo ya juu, andika majibu kwanza.

La kwanza, kwa mtindo wa karatasi ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi: "The theft baffled the police. Begin: The police…" La pili, sema kwa Kiingereza: nimechanganyikiwa na maelekezo haya. La tatu: watu hunichanganya na dada yangu. La nne: swali la mwisho lilitatanisha. La tano: mgeni aliduwazwa na kelele za stendi. La sita: walimghilibu akauza shamba.

Majibu. La kwanza ni "The police were baffled by the theft"; "were", kwa sababu "police" kwa Kiingereza ni wingi, na wanaoandika "was" hupoteza alama hata kama wamelijua "baffled". La pili, "I am confused by these directions." La tatu, "People confuse me with my sister." La nne, "The last question was baffling", au "puzzling" kama ulilipata mwishoni. La tano, "The visitor was bewildered by the noise of the park", na tunasema "park" kwa sababu ndivyo Kampala inavyosema. Msomaji wa London atadhani ni bustani, kwa hiyo yeye mwandikie "bus station". La sita, "They bamboozled him into selling his land." Ukiandika "tricked him into selling" pia ni sahihi, na kama sentensi hiyo inakwenda kwa wakili, hiyo ndiyo ya kutumia.